Muhuri Haubebi Paa

Tangu lami ya kilomita 66 iunganishe Mbinga na Mbamba Bay, nyumba za zamani kando ya barabara zimeanza kubadili kazi. Ukuta wa mbele unatobolewa, sebule inakuwa fremu ya duka. Chumba kimoja kinagawanywa viwili, choo kinaingizwa ndani, na nyumba aliyoiacha babu inapata kibao cha gesti. Bandari mpya ya Mbamba Bay ikikamilika, zitaongezeka.

Sina ugomvi na jambo hilo. Nyumba isiyo na kazi huanguka yenyewe, kwa mvua na mchwa. Ugomvi wangu ni kwamba tunaihoji karatasi na kuuacha ukuta.

Sheria haina utata. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali kabla ya kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango, na kubadili matumizi ya jengo nako ni kuendeleza. Nyumba ya kulala ikiwa duka au gesti, mwenye nyumba anapaswa kuomba. Anaomba vipi? Anapeleka ramani. Ramani ya nyumba iliyokwisha kujengwa miaka hamsini iliyopita inachorwa upya kwa mistari iliyonyooka, kana kwamba ukuta wenyewe umenyooka. Ada inalipwa, muhuri unagongwa. Ramani haionyeshi kilicho katikati ya tofali na tofali.

Na kilichopo hapo ndicho chenye maana. Nyumba nyingi za zamani, milimani Umatengo na kule ufukweni, ni za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, si kwa saruji. Ukuta wa namna hiyo unaweza kumzika aliyeujenga na mwanawe, kwa sababu ulipewa kazi moja tu: kubeba paa jepesi. Hauna mkanda wa zege unaoufunga kwa juu. Ukiutoboa mita tatu kwa ajili ya mlango wa duka bila kuweka linta, uzito uliokuwa ukishuka pale unahamia kwenye vipande viwili vyembamba vilivyobaki pembeni. Ukiweka juu yake tangi la lita 2,000, umeutwisha tani mbili ambazo haukuambiwa. Ukiupaka plasta nzito ya saruji ili upendeze, unyevu unaopanda kutoka chini unakosa pa kutokea, na ule udongo ndani unalegea huku nje kukimeremeta.

Tumekwisha kuonywa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Ilielezwa kwamba chini yake palikuwa pakichimbwa ili kuongeza nafasi ya biashara. Beit al Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 na iliyo ndani ya Mji Mkongwe unaolindwa na UNESCO, sehemu yake ilianguka Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na mafundi wawili wakafa. Jengo la zamani huwa hatarini zaidi siku linapoguswa.

Nasi tumekaa juu ya Bonde la Ufa. Desemba 2009 ardhi ya Karonga, ng'ambo ya ziwa hili hili, ilitikisika mara kwa mara na kuangusha nyumba. Septemba 2016 ikawa Bukoba. Kuta za tofali na udongo ndizo hutangulia kuanguka.

Wapo wanaosema kanuni hizi ni za mjini, na kwamba Liuli au Lituhi si Kariakoo. Kweli, vijiji vingi viko nje ya maeneo ya mipango. Lakini mgeni anayelala chini ya ukuta uliotobolewa hovyo hapati nafuu kwa kuwa alikuwa kijijini. Wengine wanataka kila nyumba ya zamani ipigwe alama ya X nyekundu. Hao nao wanakosea. Kanuni ikizidi uwezo wa mtu, mtu hujenga Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa, kwa haraka na kwa siri, na hiyo ndiyo kazi mbovu kuliko zote.

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya ramani na kabla ya ada, fundi sanifu wa halmashauri aende kwenye nyumba na kuuliza maswali matatu: ukuta huu unabeba nini sasa, utaongezewa nini, na maji yatapita wapi? Jibu liandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na fundi wa mtaani, kwa kuwa yeye ndiye atakayeshika sururu. Mwenye nyumba ya zamani anayejitokeza kuomba atozwe kidogo, maana linta ya zege ni mifuko michache ya saruji na vipande vya nondo. Afadhali fedha yake iende huko. Na mafundi wa vijijini waitwe wafundishwe, badala ya kukumbukwa siku ya kuwatafuta wa kulaumiwa.

Mkaguzi aje na timazi kwanza. Kitabu cha risiti kinaweza kungoja.