Kabla ya kuvusha sabufa kwenda Palma, muulize aliyeinunua mwaka jana

Mfanyabiashara anayetoka Mtwara kwenda Palma na maboksi matano ya sabufa huwa ameshapiga hesabu zake. Anajua alinunua kwa kiasi gani Kariakoo, nauli ya basi ni ngapi, na kuvuka Ruvuma kutoka Kilambo hadi Namoto kutamgharimu nini. Kitu kimoja hakimo kwenye daftari lake: mteja wa mwaka jana anasemaje kuhusu sabufa ileile, baada ya kukaa nayo nyumbani miezi sita?

Nadhani hicho ndicho kilipaswa kuandikwa kwanza. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko dogo kama la Palma na rasi ya Afungi, kibaya hakitembei mbali kabla hakijarudi mlangoni kwa aliyekiuza.

Nazungumzia vyombo vya sauti ya kuzunguka, vile ambavyo wateja wa Palma huviulizia kwa neno la Kireno, aparelhagem, na sisi huku tunaviita sabufa au hom thieta. Chombo kikuu ni risiva: inapokea sauti kutoka kwenye televisheni, king'amuzi au simu, inaikuza, kisha inaigawa kwenye spika tano na sabufa moja. Mfumo huo huitwa 5.1. Ukifanya kazi kama ulivyokusudiwa, gari kwenye filamu linasikika likitokea nyuma yako na kupita mbele.

Mahitaji yapo. Kampuni ya TotalEnergies ilitangaza dharura na kusimamisha mradi wa gesi wa Afungi Aprili 2021, baada ya shambulio la mji wa Palma la Machi mwaka huo. Tangazo hilo liliondolewa Novemba 2025. Waliokimbia wengi wamerudi, na wengi waliondoka bila hata kitasa cha mlango. Mtu anayejenga upya nyumba yake ananunua godoro, sufuria, kitanda, na mshahara ukiruhusu ananunua sauti. Kwa familia iliyoishi miezi au miaka kwa ndugu au kambini, kuwasha muziki sebuleni kwake si anasa ya kuchekwa. Ni namna ya kusema tumerudi.

Ndiyo maana inauma chombo hicho kinapokufa baada ya wiki nane.

Nimewauliza wenye vyombo hivi, katika Palma na vijiji vya jirani, na Mtwara pia ambako mzigo hupitia: kinyozi, mama mwenye mgahawa, vijana wa banda umiza, mafundi ujenzi. Sikukuta watu wanaolalamika tu. Wengi wanaipenda sabufa yao. Lakini malalamiko yao yanafanana, na yanatosha kumfundisha mfanyabiashara kazi.

Lalamiko la kwanza ni kwamba besi inatikisa mabati lakini maneno ya filamu hayasikiki. Spika zote tano zinatoa sauti ileile, wala hakuna kinachozunguka. Mara nyingi hapa chombo hakijaharibika. Waya nyekundu na nyeupe kutoka kwenye king'amuzi hubeba njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia. Bluetooth ya simu nayo ni njia mbili. Ili risiva igawe sauti tano tofauti inabidi ipokee sauti ya kidijitali yenye njia hizo, kupitia waya wa HDMI au wa mwanga, na iwe na uwezo wa kuisoma. Sabufa nyingi za bei nafuu hazina tundu hilo wala uwezo huo. Zina spika tano, basi.

Zaidi ya hapo, wenyewe waliniambia wanavyozitumia: muziki wa simu, fleshi, taarifa ya habari, mpira. Filamu yenye sauti ya kuzunguka ni nadra. Kuna waliotoa spika mbili za nyuma wakazipeleka barazani. Mteja wa aina hii angepata sauti safi zaidi kwa sabufa yenye spika mbili nzuri, kwa bei hiyohiyo au pungufu. Lakini muuzaji hakumuuliza anasikiliza nini. Alimuuliza ana kiasi gani.

Lalamiko la pili ni wati. Boksi linaweza kuandikwa wati 10,000 kwa herufi za dhahabu, na kibandiko cha nyuma kikasema chombo kinatumia wati 60. Hakuna chombo kinachotoa kwa mfululizo nguvu kubwa kuliko kinayoingiza. Namba kubwa za mbele huitwa PMPO, na hazina kipimo kinachokubalika. Namba ya kuamini ni RMS, nguvu ambayo chombo kinaweza kuibeba bila kukatika. Fundi akifungua sabufa nyingi za bei ya chini anakuta vipande vya aina ya TDA2030, ambavyo kila kimoja kimeundwa kutoa wati kumi na kitu tu. Kwa chumba kimoja zinatosha kabisa. Kwa banda umiza lenye watu hamsini hazitoshi. Mwenye banda aliyeamini boksi hufungulia sauti hadi mwisho kila siku, na kipande kinaungua.

La tatu linatuhusu sisi wa mpakani peke yetu. Sabufa iliyoingizwa kwa soko la Tanzania mara nyingi huja na plagi ya miguu mitatu bapa, kama ya Uingereza. Soketi za Msumbiji ni za matundu ya mviringo, mawili ya mtindo wa Ulaya au matatu makubwa ya mtindo wa Afrika Kusini. Umeme wenyewe hautofautiani sana, volti 230 kwetu na 220 kwao. Kinachogomba ni plagi. Anayeuza bila adapta anamwachia mteja afanye wanachofanya wengi: kukata plagi, kuchuna waya na kuushindilia kwenye soketi kwa njiti ya kiberiti. Waya unalegea, cheche zinaruka, chombo kinakufa, na wakati mwingine si chombo peke yake. Adapta ni kitu cha bei ndogo, lakini kwenye malalamiko niliyosikia ilitajwa kuliko kitu kingine chochote.

La nne ni la wanaotafuta kitu cha maana kidogo: risiva halisi za mtumba za Yamaha, Sony, Onkyo au Denon. Hizi zinapokuwa nzima ndizo zinazosifiwa kuliko zote. Maneno yanasikika, sauti inazunguka kweli, na chombo kinadumu. Lakini risiva iliyotengenezwa kwa soko la Japan inatumia volti 100, na ya Marekani volti 120. Ukiichomeka Palma bila kifaa cha kushusha umeme, inaungua kwa sekunde chache. Kinachohitajika ni kugeuza chombo na kusoma mgongoni kabla ya kulipa. Kama imeandikwa 220 hadi 240, chukua. Kama ni 100 au 120, iache, au umuuzie mteja pamoja na kifaa hicho na umweleze kwa nini asikiondoe.

La mwisho ni upepo wa bahari. Chumvi na unyevu hula maungio ya ndani, rimoti ndiyo huanza kugoma, kisha tundu la fleshi. Waliodumu na vyombo vyao wanafanya mambo mawili: wameviinua kutoka sakafuni mbali na dirisha la baharini, na wana stabilaiza ya kupokea umeme unaopanda na kushuka.

Najua atakachonijibu mfanyabiashara. Atasema: mwandishi, mteja wangu anataka taa za rangi na namba kubwa, nikimwambia wati ni 40, atavuka barabara anunue kwa jirani anayemwambia ni 10,000. Sikatai, nimeliona hilo kwa macho. Lakini hesabu hiyo ni ya siku moja. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kumpoteza mteja leo akapata mwingine kesho asiyemjua. Wewe unayeuza Palma huna bahari hiyo ya wateja. Aliyenunua kwako anasali msikiti mmoja na anayetaka kununua kwako, ananyoa kwa kinyozi mmoja naye, na wote wanafanya kazi kwa mkandarasi mmoja. Chombo kimoja kilichoungua kinaongea mtaani kwa mwaka mzima.

Tena dhamana haivuki mto. Karatasi ya garantii ya duka la Dar es Salaam inataka chombo kirudishwe dukani, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na kabla ya hapo kuna forodha mara mbili. Hakuna mteja wa Palma atakayefanya hivyo. Kwa hiyo, upende usipende, garantii ni wewe. Ni afadhali uiandike mwenyewe na kuiwekea mipaka kuliko kuikataa na ikaandikwa kwa jina lako barazani.

Ninachopendekeza hakihitaji mtaji mpya. Safari ijayo, kabla ya kwenda Kariakoo, wapitie wateja wako kumi wa zamani. Waulize: bado inafanya kazi? Nini kilikufa kwanza? Unasikilizia nini zaidi? Ungemshauri ndugu yako anunue kama hiyo? Andika majibu, aina kwa aina. Punguza aina unazouza zibaki mbili au tatu zilizopita mtihani huo, uweze kubeba vipuri vyake: rimoti, fyuzi, waya. Dukani washa kila chombo kwa nusu saa kabla ya kulipa, si dakika mbili. Ukifika Palma, mwandikie mteja wati za kweli kwa kalamu juu ya boksi, mpe adapta, na mpe siku 30 za kubadilishiwa. Anayefanya hivi anaweza kuuza kwa bei ya juu kidogo, kwa sababu anauza na utulivu wa moyo.

Serikali nazo zina sehemu yao. Wapo wanaodhani utaratibu rahisi wa cheti cha asili cha Afrika Mashariki, ule wa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000, utawasaidia Namoto. Hautawasaidia: Msumbiji ni mwanachama wa SADC, si wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na nafuu ya ushuru ya SADC ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Sabufa ya China haipati asili mpya kwa kulala ghalani Dar es Salaam. Inalipiwa ushuru, na anayeipitisha kwa njia za panya anajinyima hata haki ya kudai ikiharibika.

Kwa kuwa mzigo huu unalipiwa, mnunuzi naye apate kitu. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mwenzake wa Msumbiji, INNOQ, wote wamo katika ushirikiano wa viwango wa SADC. Wakubaliane jambo dogo: kila boksi la chombo cha sauti lioneshe wati za RMS, volti, na aina ya plagi, kwa Kiswahili na Kireno. Mtangamano unaozungumzwa kwenye kumbi za mikutano huwa mkubwa mno kushikika. Huu ungeshikika mkononi.

Lakini tusisubiri kibandiko. Pale Palma nilimkuta mwenye mgahawa ambaye sabufa yake ni ndogo, spika mbili tu, na ina vumbi. Aliuziwa na mwanamke wa Mtwara aliyemuuliza kwanza chumba chake kina ukubwa gani, kisha akamzuia asinunue ile kubwa. Tangu hapo, kila mteja anayemuuliza alikonunua anamtajia jina la yule mama. Hakuna boksi la dhahabu linaloweza kununua tangazo kama hilo.