SOMO LA KIINGEREZA: Maneno Yamfaayo Kiongozi na Wale Wamchaguao



Juma hili twaacha maneno ya sokoni na ya safarini, twaingia katika maneno ya mikutano. Sababu ni kwamba kanuni za vyama vya ushirika, barua zao na kumbukumbu za mikutano mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hali mazungumzo yenyewe yalifanywa kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Mtu asiyejua maneno hayo barabara huweza kupiga makofi mahali palipofaa kuulizwa swali.

Tuanze na neno "leader", ambalo hutamkwa "lida". Latoka katika "lead", yaani kutangulia njia na kuwaonyesha wengine. Jirani yake ni "ruler", ambalo maana yake ni mtawala, na tena ni ile rula ambayo watoto wa shule hupigia mistari. Maneno haya mawili hayabadilishani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyatenga waziwazi. Katika Sura ya Sita, iitwayo "Leadership and Integrity", Kifungu cha 73 chaeleza kwamba mamlaka anayopewa afisa wa Serikali ni amana ya umma, nayo humpa wajibu wa kuwatumikia watu, wala si nguvu za kuwatawala.

Neno la Kiingereza lililotumika hapo kwa amana ni "trust". Likiwa kitendo, "to trust" ni kuamini. Likiwa jina, "a trust" ni kitu ulichowekewa na mwenyewe ukitunze kwa faida yake. Msomaji wa Kiswahili hana shida kulikumbuka, maana kwetu pia amana, kuamini na uaminifu ni watoto wa mzizi mmoja. Aliyewekewa mbuzi na jirani yake ajua kwamba maziwa huenda akaruhusiwa kunywa, lakini mbuzi si wake. "Integrity" nalo lina asili ya Kilatini yenye maana ya kitu kizima. Ndiyo sababu katika hesabu "integer" ni namba nzima isiyo sehemu. Kwa Kiswahili twasema uadilifu, na mtu wa namna hiyo hana nusu moja ya mkutanoni na nusu nyingine ya gizani.

(Kwa kuwa tumeitaja asili ya maneno, yafaa kujua kwamba "minister" kwa Kilatini alikuwa mtumishi, na "secretary" alikuwa mtunza siri. Tangu mwaka 2013 wakuu wa wizara nchini Kenya huitwa kwa Kiingereza "Cabinet Secretary", ingawa kwa Kiswahili twaendelea kuwaita mawaziri. Sisi twaeleza maana tu.)

Sasa twafika kwenye maneno mawili yaliyo mazito kupita yote ya leo: "responsible", hutamkwa "risponsibo", na "accountable", hutamkwa "akauntabo". Wengi hutafsiri yote mawili kwa neno moja, kuwajibika, na hapo ndipo jambo kubwa hupotea. Tazama sentensi hizi:

The treasurer is responsible for the money.
The treasurer is accountable to the members.

Ya kwanza yasema kwamba mtunza hazina amepewa kazi ya kuangalia fedha. Ya pili yasema kwamba hana budi kusimama mbele ya wanachama na kuwaeleza fedha hizo zilikwendaje. Angalia yale maneno madogo yafuatayo: kwa kawaida "responsible for" hufuatwa na kitu au kazi, na "accountable to" hufuatwa na watu. Basi ukisoma katika barua kwamba Bwana Fulani ni "accountable", usitosheke. Tafuta ile "to". Kama haipo, barua haijasema atamjibu nani. Mtu aweza kuwa "responsible for" kiwanda cha kahawa, magunia, mizani na gari, na bado asiwe na hata mtu mmoja wa kumwuliza.

Ndani ya "accountable" mna "account", yaani hesabu, na pia maelezo. "Give an account" ni kueleza jambo lilivyokuwa tangu mwanzo hata mwisho. Ndugu yake ni "audit", ukaguzi wa hesabu, ambalo asili yake ni kusikia. Zamani huko Uingereza hesabu zilisomwa kwa sauti, na mkaguzi alikuwa yule aliyeketi akasikiliza. Kwa hiyo mzee asiyejua kusoma, akiomba hesabu za chama zisomwe polepole na kwa lugha aijuayo, haombi upendeleo wowote. Aitaka "audit" kwa maana yake ya kwanza kabisa.

Kumbukumbu za mkutano huitwa "minutes", hutamkwa "minits", na maandishi yake ni sawa na yale ya dakika za saa. Humo mna maneno matatu ya kuangaliwa sana. "Resolved" maana yake mkutano umekata shauri. "Deferred" maana yake shauri limeahirishwa. "Noted" maana yake limesikiwa, basi. Tuseme wanachama wamelalamika kwamba mizani ya kiwandani yapunguza uzito wa kahawa, na karani akaandika: "The complaint was noted." Wengi watarudi nyumbani wakidhani mizani itatengenezwa, kumbe hakuna aliyeagizwa kuitengeneza. Mwanachama mwenye adabu na akili atainuka na kusema, "Bwana Mwenyekiti, naomba tukate shauri, na jina la atakayeshughulika na jambo hili liandikwe pamoja na tarehe." Makarani mnaosoma ukurasa huu, mwaujua uzito wa kalamu yenu katika jambo hilo.

Liko pia neno lenye nyuso mbili, "oversight", hutamkwa "ovasait". "Oversight committee" ni kamati ya usimamizi, iliyochaguliwa ili iangalie kazi ya wengine. Lakini kiongozi akiandika "It was an oversight", maana yake ni kwamba alipitiwa, hakuliona jambo. Neno lile lile hutaja kuangalia na kutoangalia! Msaada wa kutofautisha ni ile "an": "an oversight", kwa kawaida, ni kosa la kupitiwa.

Katika kanuni za vyama msipite haraka penye "shall" na "may". "The committee shall call a meeting" yailazimisha kamati kuita mkutano. "The committee may call a meeting" yairuhusu tu. Ikipenda itauita, isipopenda haitauita. Kanuni yenye "may" mahali palipotakiwa "shall" ni ua wenye pengo la kupita ng'ombe, na wakati wa kuliziba ni kabla ya kanuni kupitishwa.

Mwisho ni "resign", kujiuzulu, hutamkwa "rizain". Herufi g haisikiki. Lakini katika "resignation" husikika. Neno hili ni rahisi kulitamka kuliko kulitenda.

Zoezi la juma hili. Tafsirini kwa Kiswahili, kisha semeni ni sentensi ipi inayompa mwanachama haki ya kudai jibu, na ni neno gani limpalo haki hiyo:

The chairman may explain the delay.
The chairman is responsible for the store.
The chairman shall give an account to the members every year.