Tusimsahau Daedalus

Lawama zote tunamtwika Icarus, kijana aliyeruka karibu na jua hadi nta ya mbawa zake ikayeyuka. Baba mtu, Daedalus, hatumgusi. Ovid, mshairi wa Kirumi, anasimulia kuwa Daedalus alikabidhiwa mpwa wake wa miaka 12 amfundishe ufundi. Mtoto akabuni msumeno na bikari. Mjomba, kwa wivu, akamsukuma kutoka ngome ya Athens. Mungu Minerva akamdaka na kumgeuza kwale. Ndege huyohuyo ndiye aliyepiga mbawa kwa furaha Daedalus alipokuwa akimzika Icarus! Icarus alikuwa mtoto. Aliyeshindwa kujizuia akiwa mtu mzima, tena fundi mwenye sifa zake, ni baba yake. Waandishi, tafadhali tuandikieni na habari zake.