DAMU NAYO INA DAFTARI



Wenzetu wengine wenye ugonjwa wa moyo, au walioganda damu mguuni, hupewa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Yatumika kwa watu tangu 1954. Huokoa maisha, lakini yaweza kumvujisha mtu damu ndani kwa ndani.

Mwaka 2005 mabingwa wa damu wa mataifa walipatana kipimo. Hatari kubwa ni hemoglobini kushuka gramu 2 au zaidi kwa desilita, au kutiwa mifuko 2 au zaidi ya damu, au damu kuvuja mahali kama ubongoni, au kifo.

Basi daftari likiandikwa “tumbo laumwa” tu, nani atajua? Hesabu zitasema hakuna aliyedhurika! Twataka cheti kitaje dawa, vipimo vya hemoglobini na mifuko ya damu.

Nawe unayeimeza, ukiona choo cheusi kama lami, usingoje zamu iishe. Nenda hospitali, utaje dawa yako kwanza.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na damu yetu ndiyo mali yetu.