Bendi Iliyosimama ni Ipi?

Kila mji mdogo unapoandaa sherehe, wakubwa wa kamati huulizana: je, bendi ya hapa imesimama kweli? Mara nyingi wanaouliza huwa wamekwisha kujijibu. Kwao bendi iliyosimama ni ile itokayo Dar es Salaam, yenye vipaza sauti virefu kuliko watu, na ambayo nyimbo zake zimekwisha sikika redioni. Bendi ya mji wenyewe, inayopiga kila Jumamosi mwaka mzima, huitwa "vijana wetu". Hupewa nafasi ya kupiga wakati wageni wanatafuta viti, na ujira wake huwa soda na maneno ya shukrani. Sisi tunasema kipimo hicho ni kasumba, na historia ya muziki wa dansi wa nchi hii inakikataa.

Tuanze na hoja ya vyombo, maana ndiyo inayopigiwa kelele zaidi. Hapana shaka kwamba bendi haipigi kwa mikono mitupu. Magitaa, saksafoni, tarumbeta na vipaza sauti vilikuwa vitu vya kuagizwa kutoka nje, na wanamuziki wachache sana waliweza kuvinunua. Ndiyo maana baada ya Uhuru jumuiya na mashirika yaliingia katika kazi hiyo. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake mwaka 1964. Umoja wa Vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz mwaka 1971. Majeshi nayo yakawa na bendi zao. Mpiga gitaa akawa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi. Hatulibezi jambo hilo hata kidogo: lilimwondolea mwanamuziki jina la uhuni alilokuwa amebandikwa, ingawa wako wazazi, na walimu pia, ambao hata leo hawajalisahau jina hilo. Lakini vyombo vilibaki mali ya mwajiri. Mwanamuziki aliyeondoka aliondoka na koo lake na vidole vyake tu. Kama vyombo ndivyo vinavyoisimamisha bendi, basi kilichokuwa kimesimama ni ghala la shirika.

Itazameni bendi hiyo ya NUTA. Ilipokuja JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikaitwa JUWATA Jazz. Ilipokuja OTTU mwaka 1991, ikaitwa OTTU Jazz. Wenye mali walibadilika na majina yao yakabadilika pamoja nao, lakini watu waliokwenda kucheza hawakusema wanakwenda OTTU. Walisema wanakwenda Msondo. Msondo ni ngoma ndefu ya unyagoni, na jina lake ndilo bendi ililolipa mtindo wake. Hatimaye majina ya wenye mali yalidondoka yote, bendi ikabaki kuitwa Msondo Ngoma. Jina lililodumu halikutoka katika ofisi yoyote. Lilidumu kwa sababu wachezaji waliling'ang'ania.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Katika muziki wetu wa dansi, bendi ilijulikana kwa mtindo. Western Jazz walikuwa na Saboso. Super Volcano walikuwa na Masika. Orchestra Maquis walikuwa na Kamanyola, na Mlimani Park wakaja na Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Mtindo si jina la kupambia tangazo ukutani. Ni namna magitaa yanavyojibizana, namna tumba inavyoingia, namna waimbaji wanavyopokezana, na hasa namna wimbo unavyoacha sehemu yake ya kwanza ya taratibu, yenye kisa na mawaidha, ukaingia sehemu ya pili iliyochangamka ambayo wanamuziki huiita chemko. Mpenzi wa dansi aliyesimama nje ya ukumbi, bila kuona mtu wala kusikia jina, alijua ni bendi gani inayopiga. Bendi inayotambulikana hivyo imesimama, iwe Kinondoni au Kilosa.

Watatuambia: bendi ni nyota wake, akiondoka nyota bendi imekwisha. Kuna ukweli ndani yake. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, bendi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1944 haikurudia kamwe hadhi yake ya awali; naye alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, Super Volcano nayo ikayumba. Lakini katika mji huohuo wa Morogoro, Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, pia kwa ajali ya gari, na Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Na mwaka 1985 Mlimani Park iliwapoteza Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka kwa mkupuo mmoja, wakihamia Orchestra Safari Sound. Wengi walitarajia kusikia matanga ya Sikinde. Sikinde ikaendelea kupigwa. Nyota huipaisha bendi, na hakuna anayebisha. Ila bendi hupimwa asubuhi anapokuwa hayupo.

Ama hoja ya kurekodi, hiyo ni dhaifu kuliko zote. Katika miaka ambayo dansi ilistawi sana, nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapia sahani za santuri. Santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hata njia hiyo ikaziba. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania kwa ajili ya kutangazwa, si kuuzwa. Kwa kipimo cha santuri madukani, kizazi kizima cha bendi zetu hakikuwahi kusimama! Kilichozilea bendi hizo ni ukumbi: siku moja ya juma inayojulikana, kiingilio mlangoni, na watu walewale waliorudi. Wimbo mpya ulijaribiwa mbele yao. Wakikaa, ulirudishwa mazoezini, wakiinuka, ulibaki. Mwenye ukumbi alichukua fedha za vinywaji, bendi ikachukua za mlangoni, na mvua ikinyesha bendi ndiyo iliyolala njaa.

Kwa hiyo tunapodai bendi ya mji ihesabiwe kuwa imesimama, hatudai sifa. Tunadai malipo. Gurumo aliimba katika bendi kubwa za nchi hii kuanzia NUTA mwaka 1964 hadi alipostaafu akiwa Msondo mwaka 2013. Alipostaafu ndipo nchi iliposikia kwamba hana hata gari, na mwimbaji kijana wa kizazi kipya akampa moja. Mwaka uliofuata alifariki. Tukio hilo lilipigiwa makofi, na kijana yule alistahili makofi. Lakini fikirini, enyi wanafunzi mnaozijua nyimbo za mzee yule kwa kuwasikia babu zenu wakiziimba: bendi zake zilisimama kwa miaka karibu 50, na aliyeziimbia alingoja zawadi.

Basi afisa utamaduni anapoketi na kamati ya sherehe, asiulize bendi ya hapa imetangazwa na nani. Aulize inapiga siku gani, ukumbi gani, tangu lini. Nyimbo ngapi ni zake yenyewe. Nani aliondoka, na nani alishika nafasi yake. Akipata majibu, aandike mkataba, ataje kiasi cha fedha, aiweke bendi hiyo kwenye saa ya watu kucheza badala ya saa ya kupanga viti, na alipe kabla gitaa la kwanza halijalia.