Pumba Tunawaachia Nguruwe

Nasikia sana siku hizi kwamba kula vizuri ni kwa wenye mishahara. Mimi ni fundi cherehani hapa Lizaboni, mkoani Ruvuma, kipato changu kinategemea sare za shule na sikukuu, na sikubaliani na wanaosema hivyo. Wapo wasio na kitu kabisa, hao siwasemi. Nasema sisi wenye debe la mahindi ndani.

Ukipeleka debe hilo mashineni unalipia kukoboa, halafu unalipia kusaga. Kinachoondolewa ni ganda na kiini, ndimo yalimo mafuta, nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Pumba mara nyingi inabaki palepale na wafugaji wa nguruwe wanaigombea. Wewe unarudi na unga mweupe, umepungua, na pesa imetoka mara mbili. Wa dona, anayesaga bila kukoboa, kalipa mara moja. Ila jirani akiuona ugali wa dona atasema hali imekuwa ngumu.

Ruvuma ni ghala la mahindi la nchi hii. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya theluthi ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Magunia tunayo, basi tatizo ni nini kama si kinachoingia kwenye sahani?

Dona ina masharti yake. Mafuta ya kiini huchacha, kwa hiyo nasaga kidogo kidogo. Na kabla ya kusaga naketi na ungo, nachambua: punje yenye ukungu au iliyobadilika rangi naitupa, maana sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Pesa ya kukoboa naipeleka kwa muuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wanaoliwa wazima na mifupa yao. Wengine nawakausha vizuri, natwanga, kijiko kinaingia kwenye uji wa mtoto. Majani ya maboga nayamenya nyuzi, nayaunga kwa karanga za kutwanga. Mafuta ya chupa hayahitajiki hapo.

Mume wangu mwanzoni aligoma, akasema dona ni ugali wa bwenini. Nikamwambia sawa baba, basi ya kukoboa toa wewe. Hajaitoa mpaka leo, na ugali anaumaliza.