Grafu Imepanda, Nani Ameibeba?

Kuna jambo ambalo sisi watu wa teknolojia Nairobi hulisema jioni tukiwa kwenye matatu, kisha asubuhi tukifika ofisini tunalimeza: ngazi tunayopanda kikazi ina kasoro. Inampandisha anayeinua namba, na haimuulizi kamwe namba hizo zimetoka mfukoni mwa nani.

Mimi ni meneja wa bidhaa. Kwa asiyejua, kazi yangu ni kuamua programu ya simu ifanye nini, ianze na lipi na iache lipi. Siiandiki mimi, sichori skrini zake, na hakuna anayelipwa mshahara na mimi. Silaha yangu ni maneno tu, na wahandisi wanaweza kuyakataa. Ndiyo maana tunapimwa kwa kitu kimoja kinachoonekana, nacho ni grafu. Ikipanda mwisho wa robo mwaka, unaitwa meneja mwandamizi. Ikilala, unaitwa kwa kikao cha dakika kumi na tano na mlango unafungwa.

Sasa chukua mikopo ya simu. Kuna programu zilizokuwa zinaomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi. Ukichelewa kulipa, anapigiwa shangazi yako, anapigiwa bosi, anapigiwa hata mwekahazina wa chama. Nani kati yetu hamjui mtu aliyeaibishwa hivyo? Tulikasirika, tukalaani "makampuni". Lakini kampuni haina vidole. Kuna mtu aliketi mahali, kahawa mkononi, akaandika kwenye orodha ya kazi za wiki: tuombe ruhusa ya kusoma namba za mteja. Mwingine akakadiria itachukua siku ngapi. Mwingine akachora kitufe. Mwingine akajaribu, akaripoti kwamba inafanya kazi vizuri. Na kama ulipaji ulipanda robo hiyo, basi fomu ya tathmini ilisema kila mmoja wao amefaulu.

Ikabidi sheria iingilie. Desemba 2021 Benki Kuu ilipewa mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali, na kanuni za mwaka 2022 zikakataza kuchukua namba za watu wa mteja ili kuwasumbua kwa sababu ya deni lake. Mwaka 2023, Kamishna wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho. Sawa kabisa. Lakini faini ilitozwa kampuni. Ile fomu ya kupandisha watu vyeo haikutozwa hata ndururu.

Najua mtakachoniambia. Kodi ya nyumba haingoji dhamiri. HELB wanataka pesa yao, mdogo wako yuko shule, na nje kuna vijana mia wenye digrii wanaokimezea mate kiti chako. Ni kweli. Simwambii mtu wa mkataba wa miezi sita aende akapigane na wakurugenzi peke yake. Ugomvi wangu ni na wanaoandika hizo fomu, halafu wanatuambia tuwe na maadili kwa muda wetu wenyewe.

Na wana mbinu ya kutunyamazisha: "Hapa sisi ni familia." Katika ofisi moja niliyofanya kazi, niliuliza mbona kitufe cha kusitisha malipo ya kila mwezi kimefichwa skrini ya nne, kwa maandishi ya kijivu. Nikaambiwa nisilete siasa kwenye familia. Tathmini ilipofika, iliandikwa kwamba sijitoi vya kutosha kwa timu. Cheo kikapita juu ya kichwa changu kama ndege ya JKIA. Haya, niulize tu: familia gani hii inayoweza kukuachisha kwa notisi ya siku 28, kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyoruhusu? Kwetu mtu akisema chakula kimechacha, sufuria inakaguliwa. Hafukuzwi mezani.

Wengine husema biashara haiwezi kukua ukimwonea mteja huruma. Jibu liko mfukoni mwako. M-Pesa ilianza kujaribiwa mwaka 2005 kama njia ya watu kulipia mikopo midogo. Waliokuwa wakiijaribu wakaanza kuitumia kwa mambo yao, pamoja na kutumiana pesa. Waliosimamia jaribio hilo walitazama, wakasikiliza, na Machi 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Grafu ilipanda kwa sababu mtu aliyeko Nairobi alikuwa na mama Kakamega. Hakuna aliyehitaji kuficha kitufe.

Kwa hivyo nataka fomu ya tathmini iwe na maswali matatu zaidi, na yawe na alama kama yale mengine. Mwaka huu ulikataa kujenga nini, na kwa nini? Uliketi na wateja wangapi waliolalamika, na kitu gani kilibadilika baadaye? Je, ungeiweka programu hii kwenye simu ya mamako, umwachie aitumie bila wewe kuwa kando? Wakubwa wajibu kwanza, tena mbele yetu, ndipo sisi tujibu.

Hilo halihitaji bajeti wala mshauri kutoka ng'ambo. Linahitaji mkurugenzi mmoja aliye tayari kusikia jibu la swali la tatu. Hadi siku hiyo, tukiona picha za kupongezana kule LinkedIn, tusidanganyane kwamba tumekua. Tumepanda tu.